Mtuhumiwa, Mshtakiwa, Mkosaji: Tamthiliya ya Waendesha Pikipiki na Kumbukumbu ya Simba-Watu wa Singida

Utangulizi

Hadithi ya uhalifu, iwe imeandikwa kitabuni au imeoneshwa katika televisheni, humshika mtu kwa swali moja kubwa: nani ametenda? Lipo swali la pili ambalo aghalabu halitamkwi, nalo ndilo lenye uzito zaidi katika historia ya jamii: nani mwenye kazi ya kuthibitisha? Mhadhara huu unalichunguza swali hilo la pili kwa kuweka pamoja visa viwili ambavyo kwa kawaida havitajwi katika ukurasa mmoja. Cha kwanza ni sehemu ya mwisho ya msimu wa sita wa tamthiliya ya Kimarekani iitwayo Sons of Anarchy, inayohusu kundi la waendesha pikipiki wanaoishi nje ya sheria. Cha pili ni mauaji ya simba-watu yaliyoitikisa Wilaya ya Singida wakati wa utawala wa Waingereza. Kisa kimoja ni cha kubuni, kingine ni cha kweli. Hata hivyo, vyote viwili vinahusu watu waliovaa ngozi, na vyote viwili vinaonesha jinsi tuhuma inavyoua pale inapokosa mahali pa kupimwa.

Kiswahili kina msamiati unaofaa kwa uchunguzi huu. Katika lugha ya sheria, mtu anayedhaniwa kutenda kosa huitwa mtuhumiwa. Akifikishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka, huitwa mshtakiwa. Ushahidi ukisikilizwa na kumwelemea, ndipo anapokuwa mkosaji, yaani mwenye hatia. Hizi ni hatua tatu, na kati ya hatua moja na nyingine pana mlango. Mhadhara huu unashikilia kwamba mauaji yanayosimuliwa hapa, ya kubuni na ya kweli, yalitokea pale milango hiyo ilipokosekana, ilipofungwa au ilipovunjwa.

Jikoni mwa Charming

Sons of Anarchy ilibuniwa na Kurt Sutter na kuoneshwa na kituo cha FX cha Marekani kuanzia mwaka 2008 hadi 2014, kwa misimu saba. Mandhari yake ni mji wa kubuni wa Charming, jimboni California. Kundi linalosimuliwa lina biashara ya magendo ya silaha, lina meza ambayo wanachama wake hupiga kura juu ya uhai na kifo, na lina vazi lake: kizibao cha ngozi chenye nembo mgongoni. Anayevuliwa kizibao hicho amefukuzwa katika undugu. Sutter mwenyewe alikiri kuathiriwa na Hamlet ya Shakespeare. Baba aliyeliasisi kundi, John Teller, amefariki. Mjane wake, Gemma, ameolewa na mwenzake marehemu. Na mtoto, Jax, anasoma maandishi ya baba yake na kujiuliza kama njia waliyoichukua ilikuwa sahihi.

Sehemu ya mwisho ya msimu wa sita ilioneshwa tarehe 10 Desemba 2013. Ndani yake Jax amefikia uamuzi mzito. Silaha iliyopitia mikononi mwa kundi ilitumiwa na mtoto kuua wenzake shuleni, na mwendesha mashtaka anataka awepo mtu wa kuwajibika. Jax anakubali kujisalimisha mwenyewe, ili mkewe, Tara, ambaye ni daktari, aondoke salama na watoto wao wawili. Kwa maneno mengine, mtu wa kundi anakubali kupita katika milango mitatu: kutuhumiwa, kushtakiwa na kuhukumiwa mbele ya mahakama ya nchi.

Gemma hajui hayo. Amepata habari nusu nusu, amelewa, na katika akili yake nusu hizo zinaungana kuwa jambo zima: Tara amemsaliti mumewe na kulitoa kundi kwa polisi. Anamkuta Tara jikoni na kumuua kwa uma mkubwa wa kukatia nyama. Mkuu wa polisi wa eneo hilo anapofika, naye anauawa na mwanachama mmoja wa kundi ili siri isitoke. Jax anarudi nyumbani na kumkuta mkewe sakafuni. Katika msimu wa saba Gemma anawasingizia Wachina wa genge jingine, na kwa uongo huo damu nyingi inamwagika. Kabla ya mwisho, ukweli unajulikana na Jax anamuua mama yake kwa mkono wake. Tarehe 9 Desemba 2014, katika sehemu ya mwisho kabisa, anaipanda pikipiki ya zamani ya baba yake na kuielekeza kwenye lori, njia ileile ya kifo iliyomchukua baba yake.

Wahakiki wengi wameisoma tamthiliya hiyo kuwa hadithi ya kisasi. Usomaji huo una ukweli, lakini unaacha jambo la msingi. Gemma hakumuua Tara kwa sababu ya kupenda damu. Alimuua kwa sababu katika ulimwengu wake mtuhumiwa na mkosaji ni mtu mmoja. Hapakuwa na mahali ambapo Tara angeulizwa, akajibu, na jibu lake likapimwa. Meza ya kundi ilikuwa na kura na rungu la kugongea, lakini haikuwa na mtetezi. Swali moja tu, lililoulizwa kwa utulivu, lingetosha kuokoa uhai wa watu wengi. Uzito wote wa mwisho ule umo katika swali hilo ambalo halikuulizwa.

Ngozi ya simba

Kutoka California hadi Singida ni mbali, na haifai kulinganisha mambo kwa pupa. Pikipiki yenyewe ina maana tofauti katika sehemu hizo mbili. Katika mitaa ya Singida mjini, kati ya ziwa Singidani na ziwa Kindai, mwendesha pikipiki ni mtafuta riziki anayebeba abiria na magunia, wala si mhalifu. Kinachounganisha visa hivi ni ngozi inayovaliwa, hofu inayoletwa na waliovaa, na ugumu wa kuthibitisha ni nani aliyekuwa ndani yake.

Wanyaturu, ambao hujiita pia Warimi, ni wakulima na wafugaji wa nchi ya mawe makubwa na mvua chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, na tena kwa nguvu zaidi kati ya mwaka 1946 na 1948, watu kadhaa katika nchi yao walikutwa wamekufa wakiwa na majeraha kama ya makucha. Simba halisi walikuwapo katika wilaya hiyo, na kwa mtazamo wa kwanza vifo hivyo vingeweza kuandikwa kuwa ni vya wanyama. Lakini uvumi ulikuwa mwingine. Ilisemwa kwamba waliofanya mauaji hayo ni watu waliovishwa ngozi za simba, na kwamba walikuwapo wenye kuwamiliki na kuwakodisha kwa yeyote aliyetaka kumwondoa adui yake. Kwa Kinyaturu waliitwa mbojo. Katika Kiswahili cha maofisi waliitwa simba-watu.

Serikali ya kikoloni ilikusanya polisi, ikafanya upelelezi, ikakamata watu na kuwafikisha mahakamani. Baadhi ya washtakiwa walinyongwa. Mwaka 1950 A. W. Wyatt alichapisha makala kuhusu simba-watu wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akieleza mambo kama yalivyoonekana kutoka upande wa utawala. Miaka kumi na miwili baadaye, katika jarida hilohilo, mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold K. Schneider, aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, aliliangalia upya suala hilo. Mchango wake mkubwa ulikuwa kuonesha kwamba mauaji hayo hayawezi kueleweka bila kuelewa imani ya Wanyaturu juu ya uchawi. Kwa mujibu wa imani hiyo, mchawi anaweza kumtuma simba, au mtu aliyegeuzwa simba. Hivyo hata pale simba wa kweli alipoua, swali la nyumbani halikuwa simba yupi. Lilikuwa nani amemtuma.

Singida haikuwa peke yake katika mkanganyiko huo. Huko Sierra Leone serikali ya Waingereza ilitunga sheria mwaka 1895 dhidi ya chama cha watu-chui, ikifanya kuwa kosa mtu kukutwa na ngozi ya chui iliyoshonwa kwa namna ya kumfanya aonekane chui. Kusini mwa Nigeria, karibu katika miaka ileile ya mauaji ya Singida, maofisa walibishana kwa muda mrefu kama vifo vilivyokuwa vikitokea vilitokana na chui au na binadamu. Kote huko utawala ulikutana na tatizo moja. Sheria ya jinai inadai mtu mmoja, tendo moja na nia moja. Hofu ya watu ilikuwa inasema kuna mikono miwili katika kila kifo: mkono unaoonekana na mkono uliotuma.

Simba katika lugha tatu

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni lugha ya mahakama hizo. Kesi ya mauaji katika Tanganyika ilisikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo lugha yake ya kumbukumbu ilikuwa Kiingereza. Sheria iliyotumika ilikuwa Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930, pamoja na sheria ya ushahidi iliyoletwa kutoka India, ambayo ilitumika hadi Tanzania ilipotunga Sheria yake ya Ushahidi mwaka 1967. Mwafrika hakupata baraza la wananchi wa kumhukumu kama lile la Uingereza. Jaji alikaa na wazee washauri ambao maoni yao hayakumfunga. Shahidi wa kijijini alisema kwa lugha yake. Maneno yake yalipita kwa kawaida katika Kiswahili, kisha yakaingia katika Kiingereza, na ndipo jaji akaandika.

Katika safari hiyo ya lugha tatu, neno simba lilikuwa na hatari yake. Shahidi aliyesema kwamba marehemu aliuawa na simba angeweza kuwa anaeleza alichokiona, yaani mnyama. Angeweza pia kuwa anaeleza alichokiamini, yaani mnyama aliyetumwa. Au angeweza kuwa anaeleza anachokijua na kukiogopa, yaani jirani aliyevaa ngozi. Kinyaturu kilikuwa na neno mbojo la kutenganisha. Kiswahili kililazimika kuunda neno ambatani, simba-mtu, ambalo linasema yote mawili kwa pamoja na halichagui. Kiingereza kilifuata muundo huohuo. Hivyo katika hatua iliyohitaji uwazi kuliko zote, lugha ilileta picha ya kiumbe chenye sura mbili, na jaji akatakiwa kuamua sura ipi ipelekwe kitanzini.

Isitoshe, kutoa ushahidi kulikuwa jambo la hatari. Aliyemtaja jirani yake kuwa mbojo alijitangazia uadui na ukoo mzima, na kama mauaji yalikuwa ya kukodi, yeye mwenyewe angeweza kuwa wa pili. Aliyenyamaza alionekana mshirika. Aidha, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza uchawi na pia ilikataza mtu kumtaja mwenzake kuwa ni mchawi nje ya taratibu za serikali. Katazo hilo lilikusudiwa kuwalinda wasio na hatia. Kwa raia wa kawaida, hata hivyo, lilimaanisha kwamba jambo alilolihofu kuliko yote halikuwa na mahali halali pa kutamkwa. Tuhuma isiyo na mahali pa kutamkwa haifi, huhamia usiku.

Kwa sababu hiyo, kunyongwa kwa washtakiwa kulifunga mafaili lakini hakukumaliza kisa. Faili lilijibu swali la mkono ulioua. Swali la mkono uliotuma lilibaki katika nyumba za watu, ambako halikuwa na hakimu.

Mzimu na mpelelezi

Miaka michache baadaye fasihi ya Kiswahili ilitoa jibu lake, ingawa kutoka upande mwingine wa nchi na bila kuitaja Singida. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Mwili wa mtu unakutwa mahali panapohofiwa kuwa pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imeua. Mpelelezi, Bwana Msa, hakubali. Anauliza, anasikiliza, anapima neno dhidi ya neno, mpaka binadamu aliyefanya tendo anajulikana.

Riwaya hiyo imeshutumiwa mara nyingi kwamba ni mwigo wa Sherlock Holmes. Shutuma hiyo inapuuza kile ambacho Abdulla alikifanyia kazi katika mazingira yake. Mzimu katika riwaya ya Unguja unakaa mahali pale pale anapokaa simba katika kesi za Singida: ni jina linalotolewa kwa kifo kabla ya uchunguzi. Kazi ya Bwana Msa ni kuuweka mlango kati ya tuhuma na hatia, na kusimama mlangoni hapo hadi ukweli upite. Baada yake walikuja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambao wahusika wao hupigana zaidi ya kuuliza. Mashujaa wa aina hiyo ndio waliowaandaa wasomaji, na baadaye watazamaji wa vibanda vya video, kuzipokea tamthiliya za kigeni zenye bunduki na pikipiki. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, msomaji wa riwaya hizo hakuwa mgeni wa uhalifu wa kubuni. Alichokikosa katika tamthiliya kama Sons of Anarchy ni Bwana Msa.

Wasalama

Historia ya Singida na mikoa jirani haikuacha swali hili katika fasihi. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa takwimu za serikali zilizochapishwa na mtafiti Simeon Mesaki, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kuhusishwa na uchawi, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani, upande wa kaskazini-magharibi mwa Singida. Wanawake walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1976, katika operesheni ya kukomesha mauaji mikoani Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, na Waziri wa Nchi, Peter Siyovelwa, walijiuzulu ili kubeba dhamana ya kisiasa. Tukio hilo lina funzo zito: hata serikali, iliyokuwa inawasaka wanaoua kwa tuhuma, iliweza kuua kwa tuhuma.

Miaka mitano hivi baadaye, karibu mwaka 1981 na 1982, wanavijiji wa maeneo ya Kahama na Nzega, waliochoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi wenye silaha, waliunda vikundi vyao vya ulinzi. Vilijulikana kwa jina la sungusungu, yaani wale wadudu weusi wanaouma kwa pamoja. Vilienea kwa kasi katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi na kufika mkoani Singida. Wanachama walibeba pinde na mishale, walikuwa na viapo na siri, na kiongozi wao aliitwa ntemi, ingawa utawala wa machifu ulikuwa umefutwa na serikali miaka ishirini kabla. Wao wenyewe walipendelea kuitwa wasalama, watu wa salama.

Hapa panaonekana tofauti kubwa na kundi la Charming, ambalo jina lake linajivunia vurugu. Sungusungu walizaliwa ili kurudisha amani, na ushahidi ni mwingi kwamba wizi wa mifugo ulipungua na watu wakalala. Chama tawala kiliwaunga mkono, huku polisi na wanasheria wakiwa na wasiwasi. Wasiwasi huo ulikuwa na sababu. Kikundi hichohicho kilichomkamata mwizi kilimhoji, kilimhukumu na kumtoza faini au kumtenga na jamii, na katika baadhi ya maeneo waliotajwa kuwa wachawi waliteswa au kuuawa. Mtuhumiwa aliyefika mbele ya ntemi akiwa na ng'ombe wa wizi alihukumiwa sawasawa na mwanamke mzee aliyefika akiwa na macho mekundu tu, yaliyotokana na moshi wa jikoni.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, pamoja na kanuni kwamba mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitishwe. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria ya mgambo yaliwapa sungusungu uwezo wa kukamata. Kwa pamoja, hatua hizi mbili zilikuwa jaribio la kujenga upya ile milango: kikundi cha kijiji kikamate, polisi wachunguze, mahakama ihukumu. Mpaka uliwekwa vizuri katika maandishi. Kuulinda katika giza la saa nane za usiku, yowe likipigwa na umati ukikimbia kuelekea lilikotoka, ni kazi ambayo haijawahi kuisha.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba sehemu ya mwisho ya msimu mmoja wa tamthiliya ya kigeni inaweza kusomwa kwa faida na jamii ya Waswahili ikiwa itawekwa kando ya kumbukumbu zake zenyewe. Gemma aliyesimama jikoni na umma uliosimama uwanjani wanashiriki kosa moja: wote wanao uhakika kabla ya ushahidi. Kesi za simba-watu zinaonesha upande wa pili wa tatizo, yaani mahakama yenye taratibu zote lakini isiyoelewa lugha wala hofu ya watu inaowahukumu, kiasi kwamba hukumu yake haiwaridhishi waliobaki. Mahakama ya aina hiyo huwaachia wananchi sababu ya kurudi kwenye meza zao za siri.

Ufumbuzi basi una pande mbili. Jamii inadaiwa subira ya kuuliza kabla ya kupiga. Dola inadaiwa mahakama iliyo karibu, inayosikiliza kwa lugha ambayo shahidi anaielewa, na inayomlinda anayesema. Katika jambo hili Kiswahili kina kazi kubwa kuliko ya kutafsiri tu. Lugha iliyoyatenga maneno mtuhumiwa, mshtakiwa na mkosaji imekwisha kuweka akiba ya hekima ambayo watumiaji wake wanaisahau kila wanapomwita mtu mwizi au mchawi kabla hajafungua kinywa. Kuyatumia maneno hayo matatu kwa uangalifu, katika habari za magazeti, katika mikutano ya vijiji na katika mazungumzo ya nyumbani, ni jambo dogo kwa ulimi. Kwa mtu anayesubiri usiku ule upite salama, ndiyo maisha yake.